Namugongo kwa Miguu: Mjadala wa Barabara ya Mutukula

Ifikapo wiki ya mwisho ya Mei, barabara ya lami itokayo Bukoba kupitia Kyaka na Bunazi hadi mpakani Mutukula hupata wasafiri wasiosimamisha basi. Wanatembea kwa msururu, bendera ya parokia mbele, rozari mkononi, mkeka umekunjwa mgongoni. Wanakwenda Namugongo, nchini Uganda, kuwahi sikukuu ya Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, tarehe 3 Juni. Bukoba hadi mpakani ni kilomita zipatazo 80. Mpakani hadi Kampala ni zaidi ya 200, na Namugongo iko mbele yake, kaskazini-mashariki mwa jiji. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa siku, hiyo ni safari ya zaidi ya wiki moja. Basi huimaliza kwa siku moja.

Ndiyo maana swali halikomi: kwa nini mtu atembee? Nimelipa swali hilo sauti tano: Katekista, Muuguzi, Mama wa Bunazi, Mzee aliyekuwa askari, na Mchungaji wa Kianglikana. Wasomaji wasitafute nani ni nani. Hizi ni hoja zinazosikika Kagera kila msimu wa hija, nami nimezipa vinywa ili zijibizane. Msimamo wangu nitauweka wazi mwishoni, kwa sababu jambo hili liko moyoni mwangu.

Kisa chenyewe

Mwanga II alikalia kiti cha Kabaka wa Buganda Oktoba 1884, akiwa bado kijana mdogo. Ikulu yake ilijaa vijana waliotumwa na koo zao kuhudumu na kujifunza utawala. Wengi walikuwa wameanza kusoma dini, wengine kwa wamisionari Waanglikana waliofika mwaka 1877, wengine kwa Mapadre Weupe waliofika Februari 1879 baada ya safari ndefu kutoka pwani kupitia Tabora. Miongoni mwa maandiko ya kwanza waliyosomea yalikuwamo ya Kiswahili.

Kabaka aliona utii unagawanyika. Vijana walimkatalia matakwa yake ya mwili, na habari za Wazungu kunyemelea nchi kutoka mashariki zilimtia hofu. Januari 1885 waliuawa Waanglikana watatu. Oktoba mwaka huo Askofu James Hannington aliuawa Busoga. Novemba ikawa zamu ya Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyethubutu kumkemea Kabaka kwa mauaji ya askofu huyo.

Mei 1886 mambo yalifika kilele katika ikulu ya Munyonyo, kando ya ziwa. Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana wale, aliwabatiza usiku wenzake waliokuwa bado wakatekumeni. Mmoja wao alikuwa Kizito, wa miaka 14 hivi. Walipokiri imani mbele ya Kabaka walifungwa kamba wakaanza kutembea kwenda Namugongo. Baadhi waliuawa njiani. Waliofika walifungiwa karibu wiki nzima huku kuni zikikusanywa, na tarehe 3 Juni, siku ya Kupaa kwa Bwana, wakachomwa moto. Hadi Januari 1887 Wakristo 45 walikuwa wameuawa, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wale 22 walitangazwa wenyeheri mwaka 1920, na watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Mwili unaosali

KATEKISTA: Nianze na hilo la kamba. Mashahidi wetu walitembea kutoka ziwani hadi mahali pa kufia. Ponsiano Ngondwe hakufika hata nusu ya njia, alichomwa mkuki. Gonzaga Gonza miguu ilimshinda kwa minyororo, naye akamalizwa njiani. Ukiitoa safari hiyo kwenye kisa, umetoa siku nzima ya ushuhuda wao. Mimi ninapotembea siigizi kifo chao. Naupa mwili wangu kazi katika sala. Kanisani, kwenye benchi, akili hunitoka ikaenda sokoni, shambani, kwenye madeni. Barabarani haina pa kwenda. Siku ya kwanza tunaimba kwa mbwembwe. Siku ya tatu kila mtu amebaki na ukweli wake, na yule tuliyegombana naye parokiani ndiye anayenibebea mzigo. Toba ya namna hiyo sijaipata kwingine.

MUUGUZI: Katekista, nakuheshimu, na rozari nasali pia. Ila mimi ndiye ninayewapokea mkirudi. Nimemwona mgonjwa wa kisukari aliyekwenda na viatu vya plastiki. Kidonda kilianza kwenye kidole hakukisikia, kwa sababu kisukari kilikwisha kuua hisi za miguu, na akaja kwangu kidole kimekuwa cheusi. Nimemwona mama wa shinikizo la damu aliyeacha vidonge nyumbani, eti Mashahidi watamtunza. Nimewaona watoto wa darasa la tatu, malengelenge yamepasuka, nzi wanatua. Kanisa halijamwamuru mtu yeyote atembee. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, mahujaji walizuiwa, sikukuu ikaadhimishwa na watu wachache, wengine tukaifuatilia kwa redio na televisheni. Mashahidi walipungukiwa nini?

KATEKISTA: Wao hawakupungukiwa, Nesi. Tuliopungukiwa ni sisi. Misa ya redioni ni msaada mkubwa kwa mgonjwa, lakini niliisikiliza nikiwa nimeketi, nikanywa chai, nikaenda shambani. Hakuna aliyenigusa, nami sikumgusa mtu.

MUUGUZI: Na barabara je? Mnapenda kuondoka saa tisa usiku ili kulikwepa jua. Dereva wa lori anatoka mbali, usingizi unamwelemea. Ninyi mko ukingoni mwa lami, nguo za giza, mnaimba kwa sauti hata honi hamuisikii. Kufa kwa namna hiyo hakumshuhudii Kristo kwa mtu yeyote. Mnamjaribu Mungu, na mnamwachia dereva yule mzigo wa kuua ambao ataubeba maisha yake yote.

KATEKISTA: Hapo sina ubishi. Kundi lisilo na vizibao vya kung'aa, lisilo na gari la kufuata nyuma na lisilo na kiongozi wa kuhesabu watu halipaswi kuondoka parokiani. Na mgonjwa akipanda gari asionekane amepungukiwa imani. Kosa ni letu tunaomsimanga.

MUUGUZI: Tena kuna yale maji. Watu wanateka maji ya ziwa la Namugongo kwenye madumu, wanayaleta nyumbani, wanawanywesha wagonjwa bila kuchemsha. Kisha wanaacha dawa.

KATEKISTA: Maji yale tunayachukua kwa baraka, na baraka haimkatazi mtu kuchemsha. Hilo nalifundisha, na nitalifundisha zaidi.

Nyumba iliyobaki nyuma

MAMA: Mnijalie na mimi. Nyumba yangu iko Bunazi, hatua chache kutoka barabarani, kwa hiyo hija yenu naiona kutoka mlangoni. Katekista amesema ya barabara, Nesi amesema ya hospitali. Nani atasema ya nyumbani? Mwishoni mwa Mei kahawa imeanza kuiva. Baba akiondoka wiki tatu, kwenda, kusali na kurudi, nani anachuma? Nani anafukuza nyani shambani? Nani anamalizia ada ya mtoto? Mke wake. Baba akirudi anapigiwa vigelegele kanisani na kuitwa hujaji. Aliyelala saa sita na kuamka saa kumi ili yeye apate nafasi ya kutembea hatajwi.

MZEE: Hilo ni kweli, Mama.

MAMA: Shikamoo Mzee, bado sijamaliza.

MZEE: Marahaba. Endelea.

MAMA: Katika habari za Mashahidi nampenda mwanamke mmoja ambaye hayumo kwenye ile orodha ya 22. Ni Munaku, dada yake Nowa Mawaggali. Kaka yake alipochomwa mkuki kule Mityana, Munaku alijitokeza akawaambia wauaji kwamba na yeye ni wa dini hiyo hiyo, wamwue pia. Hawakumwua, walimchukua mateka. Alikombolewa, akabatizwa kwa jina la Matilda, akaishi miaka mingi katika imani ile ile. Wanaume wale walipata siku moja ya moto. Yeye alipata miaka ya kuamka kila asubuhi na kuendelea. Nikiwaona wanawake wanaobaki, namkumbuka.

KATEKISTA: Kwa hiyo Mama, unataka tusitembee?

MAMA: Sijasema hivyo. Mkiacha kutembea mtaninyang'anya na mimi sehemu yangu. Niseme jambo. Mwaka mmoja kundi kutoka Biharamulo lililala kwenye kanisa letu. Tulitandika mikeka sakafuni, tukapika uji kwenye sufuria la harusi, tukawapa kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, kama desturi yetu inavyotaka mgeni apokewe. Kulikuwa na mwanamke aliyekataa kuvua viatu. Alisema amezoea kulala navyo. Nikajua ana aibu. Nikampeleka pembeni na beseni la maji ya vuguvugu na chumvi. Soksi ilikuwa imegandana na nyama ya kisigino. Nikawa namwagia maji kidogo kidogo, naisubiri ilegee, yeye ameuma kanga asilie. Ilichukua muda mrefu. Hakujua kabila langu wala mimi sikujua lake, na jina nilimwuliza mwisho. Usiku ule nilijua kwamba na mimi niko kwenye hija, ingawa sijatoka Bunazi. Angepita na basi, ningemwona kioo tu.

MUUGUZI: Mama, kisigino kile ndicho ninachokilalamikia mimi.

MAMA: Najua, binti yangu. Ndiyo maana nataka uwe pale barabarani na dawa zako, usiwangoje hospitalini.

Barabara ile ile

MZEE: Mimi barabara hii niliitembea kwanza nikiwa na bunduki. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, Novemba wakalilipua daraja la Kyaka, Amin akatangaza kwamba nchi yote hadi mtoni ni ya Uganda. Sisi tulivuka kwenda kule mwanzoni mwa 1979. Mutukula, Kyotera, Masaka, Lukaya, Mpigi, Kampala. Hujaji akitaja vituo vyake vya kulala, mimi nasikia vituo vya vita. Masaka tuliitwaa Februari, na majengo mengi ya mji ule yakabomolewa kulipiza yaliyofanyika Kagera. Lukaya tulipigana Machi. Kampala tuliiingia tarehe 11 Aprili.

Kwa hiyo Katekista anaposema kutembea kunamtakasa mtu, mimi nanyamaza kidogo. Miguu haina utakatifu wake. Nimetembea kilomita zile zile juani, nimechoka, nimelala chini, nimeshirikiana mzigo na wenzangu. Nilijenga udugu na askari wenzangu usiovunjika hadi leo. Lakini mwenye nyumba kule Kyotera aliponiona nakuja, alikimbia.

KATEKISTA: Na uliporudi, Mzee?

MZEE: Nilirudi baada ya miaka mingi, na kundi la parokia, nina rozari na fimbo. Tulipofika viunga vya Masaka magoti yalinikatalia. Mzee wa rika langu alitoka kwenye duka lake, akaniwekea kiti, akaniletea ndizi za kuchoma na maji. Akaniuliza natoka wapi. Nilisita. Nikasema, Tanzania, Bukoba. Akaniuliza kama nimewahi kufika pale. Nikamwambia ndiyo, na nikamwambia lini. Alikaa kimya, kisha akasema nyumba ya baba yake ilikuwa upande wa pili wa barabara ile. Akaingia ndani. Nilidhani mambo yameisha. Akatoka na kikapu cha kahawa, akachukua punje mbili, moja akanipa, moja akatafuna yeye. Mnajua maana yake kwa Baganda na kwetu Buhaya. Ningekuwa kwenye basi ningepita Masaka nikiwa nimelala usingizi.

MCHUNGAJI: Mzee, hapo umehubiri.

MZEE: Sijahubiri, Mchungaji. Nimeeleza tofauti ya safari mbili katika barabara moja. Mara ya kwanza niliingia nchi ya watu nikiwa siwahitaji. Mara ya pili niliingia nikiwa siwezi kusonga mbele bila wao. Amiri Jeshi wetu wa wakati ule, Mwalimu Nyerere, leo ni Mtumishi wa Mungu, na kila mwanzo wa Juni wapo Waganda na Watanzania wanaosali pamoja Namugongo wakiomba atangazwe mwenyeheri. Sioni ajabu wakisali pale. Ni mwisho wa barabara hii hii.

Moto mmoja, viwanja viwili

MCHUNGAJI: Mmesema vizuri, lakini mmefika Namugongo bila kuniuliza mimi ninaelekea wapi. Sisi Waanglikana tuna siku hiyo hiyo, 3 Juni, na tunatembea pia. Tukikaribia pale, njia zetu zinaachana. Ninyi mnakwenda kwenye basilika, ile iliyojengwa kwa umbo la msonge, yenye nguzo 22 kwa hesabu ya watakatifu wenu. Imesimama mahali alipochomwa Karoli Lwanga, aliyetengwa na wenzake akachomwa peke yake kwa moto wa polepole. Sisi tunakwenda Nakiyanja, umbali mfupi kutoka hapo, kwenye ule moto mkubwa. Na katika moto ule mkubwa, Katekista, walichomwa akina nani?

KATEKISTA: Wenu na wetu.

MCHUNGAJI: Wenu na wetu, wamefungwa kwenye matete, wamelazwa kwenye rundo moja la kuni. Mukajanga, mkuu wa wauaji, hakuuliza nani alibatizwa na padre na nani alibatizwa na mchungaji. Mtoto wa nyumba yake mwenyewe, Mbaaga Tuzinde, alikuwa miongoni mwao. Basi niambieni: mtu anatembea kilomita 300, anapokelewa na kila dini njiani, kisha anapofika anaingia kiwanja chake, anasali sala yake, anarudi bila kugeuza uso upande wa pili. Hiyo safari imemfundisha nini?

KATEKISTA: Wengi hawajui kama Nakiyanja ipo, Mchungaji.

MCHUNGAJI: Basi wafundishwe. Papa Paulo VI alikwenda mwaka 1969, Papa Fransisko alikwenda Novemba 2015, na wote wawili walifika kwetu pia. Kama Papa aliuvuka umbali ule, Mkristo wa Muleba hawezi?

Na kuna wengine. Kabla ya Wakristo, katika miaka ya 1870, Kabaka Muteesa aliwaua Waislamu hapo hapo Namugongo, vijana wa ikulu waliokataa kula nyama ya mnyama aliyechinjwa na asiye Mwislamu. Walisema utii wao kwa Mungu unaupita utii wao kwa Kabaka. Maneno hayo hayo Karoli Lwanga aliyaishi miaka kumi baadaye. Ardhi ile ilikwisha kunywa damu ya waumini kabla yetu.

MAMA: Jirani yangu Hajati ndiye anayeniletea kuni za kupikia uji wa mahujaji. Nitamwambia hilo.

MUUGUZI: Mimi nimewasikiliza wote. Bado nasema mwenye kisukari apande gari. Lakini nimeona kitu. Nilikuwa nabishana na Katekista kuhusu anayetembea, yaani kama anaumia, kama anapata neema. Mama na Mzee wamekuwa wakisema habari za anayemfungulia mlango. Huyo sikuwa nimemwingiza kwenye hesabu.

KATEKISTA: Wala mimi. Nilidhani anayenipa maji ananisaidia kufika kwenye hija.

MAMA: Sasa umeelewa.

Nilipo mimi

Nimeahidi msimamo wangu, na huu ndio. Nataka hija ya miguu iendelee, na sababu yangu iko karibu zaidi na Mama na Mzee kuliko Katekista. Maumivu ya mwili yana nafasi yake katika sala, lakini mtu anaweza kufunga, kukesha na kupiga magoti kijijini kwake. Kutembea hadi nchi ya jirani kunampa kitu ambacho kufunga hakumpi: kunamfanya awe mhitaji mbele ya mtu asiyemjua. Anaomba maji. Anaomba choo. Anaomba sakafu ya kulala. Raia wa nchi moja anakuwa mgeni wa raia wa nchi nyingine bila serikali, bila hoteli na bila pesa kuwatenganisha. Katika ukanda wetu, ambako mipaka imevukwa mara nyingi na majeshi, watu wanaoivuka wakiwa na njaa na rozari wanafanya kazi ambayo mikutano ya viongozi haijaimaliza.

Kisa cha Mashahidi chenyewe kinaunga mkono hoja hii mahali ambapo wahubiri wengi hawafiki. Miaka miwili baada ya moto wa Namugongo, mwaka 1888, Mwanga alipinduliwa. Alikimbia kwa mtumbwi kuvuka ziwa hadi kusini, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na mwishowe akapokewa Bukumbi, karibu na Mwanza, katika misheni ya Mapadre Weupe. Waliompokea walikuwa wa shirika lile lile lililowafundisha na kuwabatiza vijana aliowachoma, na Wakristo wa Buganda walikuwa miongoni mwa waliopigana kumrudisha kwenye kiti chake. Siasa ilikuwamo, na hesabu za madaraka zilikuwamo. Hata hivyo mlango ulifunguliwa kwa mwuaji aliyefika hana kitu. Sijui mahubiri ya sikukuu yanayouzidi ukweli huo.

Kutoka hapo nayaona mambo manne ya kufanya, na yote yako ndani ya uwezo wa parokia zetu.

La kwanza ni la Muuguzi, na lisibishaniwe tena. Kila anayetaka kutembea apimwe sukari na shinikizo la damu kabla ya kuandikishwa. Watoto wadogo, wajawazito na wagonjwa waende kwa gari, wakae kundi moja na wengine kwenye misa, bila kusimangwa. Mwendo uwe wa mchana, asubuhi na jioni, na kundi liwe na muuguzi wake.

La pili ni la Mama. Orodha ya mahujaji inayosomwa kanisani iwataje pia waliobaki na waliopokea. Parokia zilizo kando ya barabara, kuanzia Kyaka hadi Mutukula, hulisha makundi ya majimbo mengine kila mwaka kutoka mifuko ya akina mama wachache. Majimbo yanayotuma mahujaji yatume na unga, maharage na sabuni wiki moja kabla. Na mume aliyetembea mwaka huu abaki mwakani achume kahawa, mkewe atembee.

La tatu ni la Mchungaji. Kila kundi la Kikatoliki lenye nguvu ya kufika kwenye basilika lifike na Nakiyanja, na kila kundi la Kianglikana lifike kwenye basilika. Baada ya kilomita 300, umbali uliobaki ni mdogo mno kuwa kisingizio.

La nne ni langu, na ndilo gumu kuliko yote. Mkoa huu huu wa Kagera unaotuma mahujaji ndio uliopokea Ngara, mwaka 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda. Wengi wao walikuja kwa miguu, na mikeka kichwani. Baadaye tumewachoka wageni. Tunasikia lugha ngumu juu ya mkimbizi na juu ya mhamiaji asiye na karatasi, na wakati mwingine wanaoitumia ni watu waliokwisha kutembea hadi Namugongo. Hapo ndipo hija inapopimwa. Mtu aliyepewa kiti Masaka, akaoshwa miguu Bunazi, akalala kwenye sakafu ya watu wasiomjua, amekwisha kula mkate wa wageni, na anadaiwa. Deni hilo halilipwi Namugongo. Analilipa siku mtu mwenye vumbi anapobisha hodi kwake, haimbi nyimbo za parokia, hana bendera, na haelekei sikukuu yoyote. Kama mlango huo hafungui, basi mwakani asitembee, abaki nyumbani ajifunze kwanza kuufungua.